Kutoka Kiwandani Hadi Darasani: Mwongozo Kamili wa Kuanza Kufundisha na Kutafiti Jinsi Mameneja Wanavyojifunza

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefanya kazi kiwandani, benki, kwenye sacco, shamba la maua au idara ya kaunti kwa miaka kadhaa, na sasa anataka kufundisha usimamizi na kutafiti jinsi mameneja wanavyojifunza kazi yao. Tumeuandika kwa sababu watu wa aina hii, kuanzia Naivasha hadi Busia nchini Kenya, hukwama pale pale. Barua ya maombi haijibiwi. Wakipewa darasa, wanafunzi hufurahia hadithi za kazini muhula mzima, kisha mtihani unawashinda. Wakijiandikisha kwa uzamifu (PhD), pendekezo la utafiti hurudishwa mpaka wanachoka.

Chanzo ni kimoja: wanauleta uzoefu wao kama ushahidi. Chuoni, miaka 15 ya kazi inakupa mambo mawili tu, swali zuri na mlango wa kuingilia kiwandani. Ushahidi wenyewe utautafuta upya kama mtafiti mwingine yeyote. Ukilishika hilo mapema, hatua zilizobaki ni kazi ya mikono na subira.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha shahada ya kwanza na cha uzamili, pamoja na transkripti zake. Kama ulisomea nje ya nchi, cheti kitambuliwe na kusawazishwa rasmi hapa Kenya kwanza.
- Majina yanayolingana kwenye vyeti vyote na kitambulisho. Jina la ndoa lililoongezwa au herufi moja iliyoruka hukwamisha faili kwa miezi. Andaa kiapo kwa wakili mapema.
- Barua mbili za mwajiri: moja inathibitisha vyeo na miaka yako, nyingine inakuruhusu kufundisha nje ya saa za kazi.
- Akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi 6 au zaidi. Mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa au kwa yuniti (somo moja la muhula), na mara nyingi pesa huja muhula ukiwa umeshasahaulika. Karo ya watoto haisubiri.
- Kompyuta, diski ya nje ya kuhifadhia nakala, programu ya Zotero ya kupangia marejeleo, na namba ya ORCID inayomtambulisha mtafiti. Hizi mbili za mwisho ni za bure.
- Kinasa sauti. Simu inatosha, mradi umezima ile huduma inayopeleka faili zako mtandaoni bila kukuuliza.
- Kaunta buku moja ya matukio ya kazini. Kila tukio liwe na tarehe, uamuzi uliofanywa, nani aliamua, alijua nini wakati ule, na alikuja kujua nini baadaye. Ianze leo, ungali kazini. Kumbukumbu ya meneja aliyestaafu hupendelea matukio aliyoshinda.

## Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Milango ni mitatu, na masharti hayafanani.

Wa kwanza ni vyuo vya ufundi, mfano Kisumu National Polytechnic au Sigalagala. Hapa mkufunzi husajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo ya ufundi, na mafunzo yanapimwa kwa umahiri: mwanafunzi aonyeshe kwamba anaweza kufanya kazi fulani. Mtu wa kiwandani huzoea haraka. Ubaya wake ni kwamba muda wa utafiti ni mdogo.

Wa pili ni uhadhiri wa muda chuo kikuu. Unaweza kuomba Egerton (Njoro na kampasi ya mjini Nakuru), Kabarak, Maseno pamoja na kampasi yake ya Kisumu, Masinde Muliro mjini Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, na Kibabii mjini Bungoma. Madarasa ya jioni na wikendi ndiyo hupungukiwa walimu. Piga hesabu ya barabara kabla ya kukubali: kutoka katikati ya jiji la Kisumu hadi Maseno ni kama kilomita 25, na kipindi kinachoisha saa mbili usiku kitakukuta ukigombania matatu ya mwisho.

Wa tatu ni kuajiriwa rasmi ukiwa na uzamili huku ukisomea uzamifu, kwa cheo cha chini katika ngazi ya wahadhiri. Nafasi hizi hutangazwa kwa nadra na ushindani wake ni mkali.

Ushauri wetu ni mlango wa pili kwanza, yuniti moja tu, bila kuacha kazi. Utajua ndani ya wiki 14 kama unapenda kufundisha au ulikuwa umechoka na bosi wako. Ni mambo mawili tofauti.

Tahadhari. Usitafute idara inayoitwa ya mafunzo ya mameneja, huenda usiipate. Somo hili hufundishwa ndani ya yuniti za usimamizi wa rasilimali watu, tabia za watu katika mashirika, usimamizi wa mikakati na ujasiriamali. Omba kwa majina hayo. Wala usihangaike na namba ya TSC, tume ya walimu. Hiyo ni ya shule.

Utajua umefaulu ukiwa na barua ya uteuzi mkononi inayotaja yuniti, saa na kiwango cha malipo. Ahadi ya kwenye simu si uteuzi. Wengi wamefundisha muhula mzima kwa ahadi ya simu.

## Hatua ya 2: Andika wasifu unaosomeka chuoni

Wasifu wa kampuni huanza na mafanikio: "niliokoa milioni kadhaa". Kamati ya chuo inatafuta kitu kingine. Ipe kwa mpangilio huu: elimu na mada ya tasnifu yako ya uzamili, yuniti unazoweza kufundisha, ukizitaja kwa majina yaliyo kwenye mtaala wa chuo hicho, mafunzo uliyowahi kuendesha kazini, kwa saa na idadi ya washiriki, eneo la utafiti kwa sentensi mbili, kisha vyeo vya kazi. Kurasa nne zinatosha.

Barua iandikie mwenyekiti wa idara kwa cheo chake, Dkt. au Prof., na ukague kabla ya kutuma. Kumwita profesa "Bwana" si kosa la kufukuzwa, lakini litaonyesha hukusoma hata ukurasa wa idara yake.

Kwa ajira ya kudumu katika chuo cha umma, utaombwa pia hati za uadilifu: cheti cha mwenendo mwema cha DCI (idara ya upelelezi), hati za KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu) na EACC (tume ya kupambana na ufisadi), na ripoti ya mikopo ya CRB, wanaoweka rekodi za wakopaji. Anza na DCI, kwa sababu alama za vidole lazima uende mwenyewe. Huduma Centre za Nakuru na Kisumu zinatoa huduma hiyo.

## Hatua ya 3: Fundisha yuniti moja, na uifundishe kwa mtihani pia

Hapa ndipo wataalamu wa kazi huharibu zaidi, hivyo tutakaa kidogo.

Yuniti ya kawaida ni saa 3 kwa wiki, takriban saa 45 kwa muhula ukijumlisha yote. Mara ya kwanza tenga saa 6 hadi 9 za maandalizi kwa kila kipindi. Ukisema "nitaongea tu, haya mambo nayajua", utaishiwa saa ya pili, na wanafunzi wa jioni, ambao nusu yao wametoka kazini kama wewe, watakusoma mara moja.

Gawa saa 3 hivi:

1. Dakika 15: kila mwanafunzi aandike peke yake jibu la swali ulilowaachia wiki iliyopita. Waliochelewa wanaingia bila kukatiza chochote.
2. Dakika 35: dhana moja ubaoni. Maana yake, ilitoka wapi, na inaishia wapi. Moja tu.
3. Dakika 45: kisa cha kazini. Kusoma dakika 10, makundi ya watu watano dakika 20, kutoa ripoti dakika 15.
4. Dakika 10: mapumziko.
5. Dakika 40: rudini kwenye dhana. Imeeleza nini katika kisa, na imeshindwa wapi?
6. Dakika 20: swali moja la mtihani. Waandike muhtasari wa jibu, wabadilishane, wasahihishane.
7. Dakika 15: maswali, orodha ya mahudhurio, na swali la wiki ijayo.

Hadithi yako ya kazini isizidi dakika 5, na ikome kabla hujasema uliamua nini. Ukishatoa jibu lako, darasa linaacha kufikiri na kuanza kuandika. Watakuandikia kwenye mtihani kwamba "mwalimu alisimamisha mashine", na mtahini wa nje atauliza dhana iko wapi.

Kuhusu mtihani wenyewe: mgawo uliozoeleka kwa shahada ya kwanza ni alama 30 za CAT (majaribio ya ndani ya muhula) na kazi za darasani, na 70 za mtihani wa mwisho. Karatasi huwa na swali la kwanza la lazima lenye alama 30, halafu mwanafunzi anachagua mengine mawili ya alama 20 kila moja. Pamoja na maswali unawasilisha mwongozo wa kusahihishia unaoonyesha kila alama inapatikana kwa nini. "Alama 10 kwa jibu zuri" hairuhusiwi, na ni haki isiruhusiwe. Andika alama 2 kwa kufafanua dhana, 4 kwa kuitumia kwenye kisa, 4 kwa kuonyesha mipaka yake.

Tahadhari. Alama zinazopotea ni janga la vyuo vyetu, na lawama humwangukia mhadhiri wa muda kwa sababu hayupo ofisini kujitetea. Weka nakala ya mahudhurio yaliyosainiwa na ya alama zote za CAT. Unapokabidhi vijitabu vya majibu, vihesabu mbele ya anayepokea na msaini nyote wawili.

Utajua umefaulu mwanafunzi akitumia dhana uliyofundisha kubishana nawe kuhusu kisa chako mwenyewe.

## Hatua ya 4: Geuza tukio moja la kazini kuwa kisa cha kufundishia

Fungua kaunta buku. Chagua tukio ambalo watu wawili wenye akili walitofautiana na wote walikuwa na sababu. Tukio lenye mjinga mmoja na shujaa mmoja halifundishi chochote.

Kisa kizuri kina kurasa 2 hadi 4, kinaishia pale uamuzi unapohitajika, na hakisemi kilichotokea baadaye. Tazama mwanzo wa kisa cha mfano, tulichokitunga kwa mazingira ya viwanda vya sukari vya ukanda wa Nyando:

"Saa kumi alfajiri, msimamizi wa zamu anaambiwa kwamba beringi ya rola ya pili kwenye kinu inashika moto. Uwanjani kuna trela 40 za miwa, nyingine ya juzi. Mhandisi mkuu hapokei simu. Mwongozo wa kiwanda unasema simamisha kinu. Meneja aliyempandisha cheo alimwambia zaidi ya mara moja: kinu chetu hakisimami."

Mistari mitano, na tayari kuna vitu vinne vya kujifunza. Muwa uliokatwa hupoteza sukari kila siku unayokaa, hivyo kusubiri kuna gharama. Kuna kanuni iliyoandikwa na kanuni inayosemwa, na zinagongana. Kuna ujuzi wa mwili, kwa maana fundi mzoefu hujua joto la beringi kwa harufu na sauti kabla ya kipimo. Na kuna mamlaka ambayo haipokei simu.

Baada ya kisa weka maswali matatu, na kando ya kisa, andika maelezo ya mwalimu: dhana gani inafundishwa, majibu yanayotarajiwa, na mahali wanafunzi hupotea. Bila maelezo hayo, hakuna mwenzako atakayeweza kukitumia kisa hicho, na wewe mwenyewe baada ya miaka miwili utakuwa umesahau ulilenga nini.

Tahadhari. Kubadilisha jina la kampuni hakutoshi. Magharibi mwa Kenya viwanda vikubwa vinahesabika kwa vidole. Ukisema "kiwanda cha karatasi" msomaji yeyote wa Bungoma ameshajua ni Webuye. Badilisha bidhaa, badilisha mji, na zidisha takwimu zote kwa namba ile ile ili uwiano ubaki. Kama kisa kitasambazwa nje ya darasa lako, pata ruhusa ya maandishi ya kampuni.

## Hatua ya 5: Badilisha tatizo la kazi liwe swali la utafiti

Mada inayorudishwa zaidi ni ya muundo huu: "Athari za mafunzo kwa utendaji wa wafanyakazi: kisa cha kampuni fulani mjini Nakuru." Mtu hutuma dodoso la alama 1 hadi 5 kwa watu 200, wanajibu kwamba mafunzo yalikuwa mazuri na kwamba wao wanafanya kazi vizuri, hesabu inaonyesha uhusiano mkubwa, kazi imekwisha.

Ina kasoro mbili. Maoni ya mafunzo na maoni ya utendaji yametoka kwa mtu yule yule, siku ile ile, kwenye karatasi ile ile, kwa hiyo sehemu ya uhusiano huo ni hali yake ya moyo siku hiyo. Pili, haisemi chochote kuhusu kujifunza kwenyewe: nani alijifunza nini, kwa nani, na kwa nini aliyekaa kwenye semina ya siku tatu hotelini Naivasha alirudi akafanya kazi kama zamani.

Geuza hivi:

- Tatizo la kazini: "Masupavaiza wapya hawaamui, wanangoja simu ya juu."
- Swali la utafiti: "Masupavaiza wa zamu katika viwanda vya sukari hujifunza vipi kuamua kusimamisha uzalishaji, na ni nini kinachowazuia kutumia walichojifunza?"

La pili lina watu mahususi, kitendo mahususi, na mahali unapoweza kwenda kuchungulia. Halina jibu uliloenda nalo mfukoni.

Sasa nadharia. Usizirundike zote, kila moja inajibu swali lake.

Reg Revans aliwaweka mameneja wa migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza katika vikundi vidogo, waulizane maswali kuhusu matatizo halisi ya kazini. Mtumie kama utaunda kikundi na kukifuata kwa miezi. Chris Argyris alitofautisha kanuni ambazo watu husema wanazifuata na zile matendo yao yanaonyesha, na alionyesha kwamba kurekebisha kosa ni jambo moja na kuhoji kanuni iliyozaa kosa ni jingine. Anafaa kabisa kisa cha kinu hapo juu. Donald Schön alieleza jinsi mtaalamu anavyofikiri akiwa katikati ya kitendo; mchukue kama unachunguza maamuzi ya papo hapo. Jean Lave na Etienne Wenger, mwaka 1991, walionyesha watu wakijifunza kwa kuanzia pembezoni mwa kundi la wenye kazi na kusogea ndani polepole, na miongoni mwa mifano yao ni mafundi cherehani wa Liberia. Mtu anayetafiti mafundi na wafanyabiashara wa soko la Kibuye mjini Kisumu, ambako msaidizi wa leo ndiye mwenye kibanda wa kesho, asiwaruke hao wawili.

David Kolb na duara lake la hatua nne yumo kwenye karibu kila pendekezo. Ukimtumia, ujue kwamba vipimo vya mitindo ya kujifunza vimekosolewa vikali kwa ushahidi hafifu, na msimamizi mzuri atakuuliza.

Utajua umefaulu ukimsomea swali lako mwenzako wa zamani kazini akasema "hilo hata mimi sijui", na ukimsomea mhadhiri akauliza "utampata nani wa kuhojiwa?" Mmoja akisema "jibu liko wazi", rudi mwanzo.

## Hatua ya 6: Pata msimamizi, kisha uandikishwe

Wengi hufanya kinyume: wanalipa ada, halafu wanapangiwa msimamizi ambaye utaalamu wake ni masoko ya hisa. Andika waraka wa kurasa 2 au 3: tatizo, swali, nadharia moja, nani utamhoji, na ruhusa uliyo nayo. Soma makala mbili za msimamizi unayemtaka. Mwandikie aya mbili ukitaja pale swali lako linapokutana na kazi yake.

Muulize mambo mawili waziwazi: ana wanafunzi wangapi wa uzamifu sasa, na husoma sura kwa muda gani. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeweka kikomo cha wanafunzi kwa msimamizi mmoja, na pia hutaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mbili katika majarida yenye wahakiki kabla ya kuhitimu. Maana yake makala hizo ziingie kwenye kalenda yako tangu mwaka wa kwanza. Anayezikumbuka tasnifu ikiwa tayari hukosa gwaride la mahafali.

## Hatua ya 7: Tafuta ruhusa kwa mpangilio sahihi

Mpangilio ni huu, na hauruki:

1. Utetezi wa pendekezo katika idara, na barua ya shule ya uzamili.
2. Idhini ya kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa. Maseno, Egerton na Kabarak wana zao.
3. Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, inayoombwa mtandaoni. Hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo usiichukue mapema mno.
4. Nakala kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti.
5. Barua ya kampuni, iliyosainiwa na mtu mwenye mamlaka ya kusaini.

Ruhusa ya mdomo ya kampuni itafute mwanzoni kabisa, hata kabla ya namba 1, kwa sababu meneja mkuu akihamishwa swali lako lote linaanguka. Kuwa na kampuni ya pili ya akiba.

Kama ni kampuni uliyofanyia kazi, eleza kwenye ombi la maadili utakavyowalinda waliokuwa chini yako. Kwao bado wewe ni "mkubwa". Mtu uliyekuwa ukimsainia likizo hatakuambia kwamba semina uliyoiandaa ilikuwa bure. Njia mbili husaidia: mhojiwa aitwe na mtu mwingine kabisa, si idara ya wafanyakazi, na waliowahi kuwa chini yako moja kwa moja uwaache nje ya sampuli.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Fomu ya ridhaa iseme utakusanya nini, utakihifadhi wapi, hadi lini, na kwamba mtu anaweza kujitoa. Orodha ya majina halisi ikae mbali na rekodi za sauti.

## Hatua ya 8: Hoji watu wakueleze matukio

Swali baya: "Je, mafunzo yalikusaidia katika kazi yako?" Jibu ni "ndiyo, sana", na umepoteza saa moja.

Swali zuri: "Mzee, niambie mara ya mwisho ulipolazimika kuamua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amekufundisha. Anza pale habari ilipokufikia." Kisa kikianza, kazi yako ni vijiswali vifupi: Ulijuaje? Ulimuuliza nani kwanza? Kwa nini yeye? Leo ungefanya nini tofauti? Njia hii ya kukusanya matukio muhimu ilielezwa na John Flanagan mwaka 1954, na ndiyo utakayoitaja kwenye sura ya mbinu.

Hojia mbali na mashine na mbali na ofisi ya bosi. Usihoji mwisho wa zamu ya usiku. Utapata majibu ya mtu anayetaka kulala.

Acha mtu aseme kwa lugha inayomtoka. Kisumu utasikia Kiswahili, Dholuo na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Kakamega Kiluhya kitaingia. Nakili maneno kama yalivyosemwa, na utafsiri tu vifungu utakavyonukuu, vikaguliwe na msemaji mwingine wa lugha hiyo. Rekodi ya saa moja huchukua saa 4 hadi 6 kuinakili, hivyo nakili kila mahojiano kabla ya kufanya yafuatayo mawili. Anayelimbikiza 20 huishia kumlipa kijana wa saiba, na siri za watu zinaenda naye.

Ukianza kuainisha, tumia kwanza maneno ya wahojiwa wenyewe. Opereta akisema "mashine ilikuwa inalia vibaya", weka lebo "kusikia mashine". Usikimbilie kuandika "ujuzi usioandikika". Lebo za kitaalamu zije mzunguko wa pili, la sivyo utaona vitabu vyako na sio kiwanda.

Tahadhari. Utakutana na mhojiwa anayesema kitu unachojua si kweli, kwa kuwa ulikuwepo. Nyamaza. Huchunguzi nani ana makosa. Unachunguza jinsi anavyoeleza alivyojifunza. Kumbukumbu yako iandike pembeni kwa tarehe, ukiiita kwa jina lake: maoni ya mtafiti.

Utajua umefaulu mahojiano matatu ya mfululizo yakikosa kuongeza lebo mpya. Kwa kundi la watu wanaofanya kazi ya aina moja, hilo aghalabu hutokea kati ya mahojiano 12 na 25.

## Hatua ya 9: Chapisha bila kuibiwa

Majarida ya fani yenyewe ni Management Learning, Academy of Management Learning & Education na Journal of Management Education; kwa mtazamo wa bara letu kuna Africa Journal of Management. Soma makala tano za jarida moja kabla ya kuandika chochote, uone mazungumzo yaliyopo na uingie nayo. Makala inayoanza kwa "hakuna utafiti kama huu uliofanyika Kenya" hurudishwa kwa haki: kukosekana kwa utafiti mahali fulani hakumwambii msomaji amejifunza nini kipya kuhusu kujifunza.

Dalili za jarida la kitapeli: barua pepe inayokusifu bila kutaja mada yako, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, ada inayodaiwa kabla ya uhakiki, na wahariri wasiopatikana kwenye kurasa za vyuo vyao. Likidai ni mwanachama wa COPE (kamati ya maadili ya uchapishaji) au limo kwenye DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure), kagua kwenye tovuti za COPE na DOAJ zenyewe, wala si kwenye nembo iliyobandikwa. Mengi ya majarida yanayouzwa kwa usajili hayamtozi mwandishi hata shilingi. Anza na hayo kama huna ufadhili.

Maoni ya wahakiki yakija, yasome, uyaweke kando siku mbili, kisha tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mhakiki neno kwa neno; ulichobadilisha; ukurasa na mstari. Hoja usiyokubaliana nayo iandikie sababu na ushahidi kutoka kwenye data. Meneja wa zamani ana tabia ya kujibu kwa "kwa uzoefu wangu wa miaka mingi", na hapo ndipo mhariri hufunga faili. Badala yake weka dondoo ya mhojiwa, na namba ya mahojiano ilikotoka.